Usianze kwa Kuomba Radhi

Bonde la Sturgill, Kentucky
4 Desemba 2016

Rhetta,

Nani alikufundisha kumtuma kaka yako aje kuniambia jambo ambalo mdomo wako mwenyewe unalijua? Colby amesimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, anatazama viatu vyake, ananiambia huji Krismasi. Nikamuuliza kwa nini. "Ana usaili, Bibi." Usaili wa nini? Hajui. Nimemlisha, nimemrudisha kwake. Maelezo nayataka kwako.

Sasa salamu. Mimi mzima. Goti linauma mvua ikikaribia, hilo unalijua. Mbwa amezeeka, habweki tena gari likija, mtu anakuwa ameshafika barazani ndipo namwona. Jogoo naye amekuwa mvivu wa kuwika, sijui nimchinje. Kanisani Mhubiri Burl amepungua sauti sana tangu majani yalipoanza kuanguka. Zamani ulimsikia ukiwa bado barabarani, siku hizi ananong'ona kama mtu aliyeiba. Hata Wilma jirani anatafunatafuna maneno. Nadhani ni yale meno yake mapya.

Haya, jambo lenyewe. Kila tukikutana kanisani kuna mtu ananiuliza, "Verdie, yule mjukuu wako bado yuko shule?" Nasema bado. Binamu yako Tammy alianza unesi nyuma yako na sasa anawachoma watu sindano mchana kutwa. Wewe umemaliza shahada ya kwanza, umemaliza ya pili, na bado. Tangu mama yenu afariki nimewalea wewe na kaka yako bila kumwomba mtu ruhusa, kwa hiyo nina haki ya kujua. Niandikie kilichobaki, kwa maneno ninayoweza kuyasema mbele ya watu nisionekane mjinga.

Wala usipige simu. Simu ni ya kuulizana kama mvua imenyesha. Mambo ya maana yanaandikwa.

Bibi yako,
Verdie Sturgill


Missouri
13 Desemba 2016

Bibi mpendwa, shikamoo.

Nisamehe kwa kumtuma Colby. Nilipiga simu kwanza. Nilikwambia habari ya usaili, ukanijibu, "Ndiyo, ndiyo, imenyesha," ukakata. Nikaona una haraka.

Mimi mzima. Baridi imeingia, nimevaa ile shali yako mpaka darasani. Nakula vizuri, ila mkate wa mahindi wa huku wanautia sukari. Sitasema zaidi.

Uliuliza kilichobaki. Nikimaliza nitakuwa mwanasaikolojia mshauri. Si daktari wa sindano wala wa vidonge. Mtu anakuja na msiba, au ndoa iliyovunjika, au woga usiomwacha alale, tunakaa naye, tunatafuta pa kutokea. Kufika huko ni lazima upate shahada ya udaktari, na shahada yenyewe ina ngazi zake. Madarasa nimemaliza. Mtihani mkuu, ule ulionikondesha, nimefaulu. Tasnifu yangu kuhusu wajane wa wachimba makaa imefika sura ya mwisho. Wateja nimeshakaa nao miaka chini ya msimamizi wangu, Dk. Treviño. Mazungumzo yanarekodiwa, mteja akikubali, kisha mwalimu anayatazama pamoja nami na kuniuliza kwa nini nilinyamaza hapa, kwa nini nilikimbilia kujibu pale.

Sasa umebaki mwaka mzima wa mafunzo kazini, nje ya chuo chetu. Bila huo hawanipi shahada. Na hata nikishaipata kuna muda mwingine wa kusimamiwa na mtihani wa leseni, ndipo niruhusiwe kuweka jina langu mlangoni.

Huo mwaka ndio mgumu. Unaomba vituo vya nchi nzima. Wakipenda maombi yako wanakuita kwenye usaili. Halafu wewe unaandika unaowataka kwa mpangilio, nao wanaandika wanaowataka, na kompyuta inaoanisha. Ikikuoanisha huna ruhusa ya kukataa. Isipokuoanisha, umebaki. Majibu ni Februari.

Usaili wa kwanza ulikwenda vizuri, nadhani. Nilikuwa na adabu kama ulivyonilea.

Mjukuu wako,
Rhetta


Bonde la Sturgill
9 Januari 2017

Rhetta,

Marahaba. Soksi za sufu zimefika, zinanitosha.

Kwa hiyo ni kompyuta inayowaoza. Mimi babu yako alinipata kwa kunibebea kapu kutoka kanisani. Hakuna mashine iliyoulizwa, na nilipata mtu. Lakini sawa, hiyo ni dunia yenu.

Nimewaeleza kanisani kama ulivyoandika, ngazi kwa ngazi. Nilipofika kwenye leseni walishachoka, nikaendelea. Mke wa Burl aliniuliza kitu, sikumjibu, ana tabia ya kuongea akiwa amekupa kisogo.

Nakutumia maharage makavu, yale ninayoyatunga kwenye uzi na kuyaning'iniza juu ya jiko, na unga wa mahindi usio na upuuzi wa sukari. Loweka maharage usiku mzima, usiwe mvivu. Huko kwenye usaili kaa wima, jibu ukiulizwa, usijisifu. Wa kukusifu nipo.

Bibi


Bonde la Sturgill
22 Februari 2017

Rhetta,

Unajificha. Colby anasema majibu yalitoka Ijumaa iliyopita. Leo ni Jumatano. Kama ni mema, umekosa adabu. Kama ni mabaya, umekosa adabu zaidi, maana mabaya ndiyo huletwa nyumbani kwanza.

Mimi mzima. Mbwa mzima. Andika.

Bibi


Missouri
26 Februari 2017

Bibi mpendwa, shikamoo.

Natumaini goti limetulia. Maharage niliyaloweka usiku mzima. Wenzangu wawili waliyala wakauliza ni nyama gani.

Kompyuta haikunioanisha. Ujumbe ulikuja asubuhi. Wenzangu walikuwa wanakumbatiana ukumbini, mimi nikaenda kuosha vikombe vya idara ambavyo vilikuwa safi.

Kuna raundi ya pili, ya nafasi zilizobaki. Dk. Treviño amenikalisha ofisini kwake mpaka nikatuma maombi. Kituo kimoja kimekubali kunisaili kwa simu, katikati ya Machi. Nafikiria kujitoa. Nikikosa tena ni mwaka mwingine, na chuo hakitanilipia mwaka mwingine. Shule ya msingi ya hapo kwetu wanatafuta mtu wa ofisini. Ningekuwa karibu nawe. Kazi ni kazi.

Unataka kujua nilikosea wapi. Kituo kimoja cha Ohio kilimweleza mwalimu wangu. Walisema, "Kwenye karatasi ni hodari. Tulipomsikia, alituambia mwenyewe kwamba hawezi." Sikusema hivyo, Bibi. Waliniuliza nguvu yangu iko wapi. Nikasema mimi si mtaalamu hasa, najua wapo walionizidi kwa kila kitu, nimefika hapa kwa kubebwa na watu wengine, mkinivumilia nitajaribu. Kisha nikasubiri kidogo. Hakuna aliyesema neno. Wakaandika.

Tafadhali usiwaambie kanisani.

Rhetta


Bonde la Sturgill
2 Machi 2017

Rhetta,

Wewe mtoto, umerogwa? Salamu zisubiri.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Colby aliposoma pale pa kusubiri, alicheka mpaka nikampiga na taulo la vyombo. Umewaomba radhi kama Burl. Maisha yako yote umekaa kwenye benchi lile ukimwona anasimama, anashika Biblia haifungui, anasema, "Mimi si mhubiri. Mimi ndiye mdogo kuliko wote humu. Wapo ndugu hapa wanaostahili kusimama kuliko mimi. Niombeeni, nitajaribu." Na watu wanamjibu, "Jaribu, ndugu, Bwana akusaidie," na kuna mama atainuka kwenda kumshika mkono. Halafu? Halafu Burl anavua koti na kuhubiri mpaka shati linamganda mgongoni. Wewe umeomba radhi, ukasubiri kushikwa mkono. Tena na watu wa Ohio.

Wao watajuaje kwamba bado hujaanza?

Nilikulea sawasawa, na kwa hilo sirudi nyuma hata unyayo. Mtu anayejipigia tarumbeta namchukia mpaka leo. Lakini kuulizwa swali na kulijibu si kujisifu. Ukiulizwa kama unaweza kukamua ng'ombe, na unaweza, unasema ndiyo, unaomba ndoo.

Kazi ya ofisini pale shuleni ni ya heshima, na anayeitaka Mungu amsaidie aipate. Wewe huitaki. Unatafuta pa kujificha. Hutajitoa. Na kwa kuwa mdomo wako umefunga, nimekusifu mimi. Nimemwandikia huyo mwalimu wako. Colby ameshaipeleka posta, usijisumbue kunikataza.

Mimi mzima. Kanisani sijasema kitu.

Bibi


Missouri
7 Machi 2017

Bibi, shikamoo, ingawa leo inanitoka kwa shida.

Umemwandikia Dk. Treviño. Wanafunzi hapa wanaleta barua za maprofesa, mimi nimeletewa ya bibi yangu, imeandikwa kwa penseli, inaanza na, "Mama, nasikia wewe ni mtu mwenye akili, kwa hiyo sitakuchosha." Nilitaka sakafu ipasuke nishuke nayo.

Hakucheka. Alinisomea kwa sauti, mpaka pale palipo na babu. "Mume wangu alipokuwa anakufa kwa vumbi la makaa kifuani, watu wazima waliingia, wakamwambia utapona, wakatoka. Huyu mtoto aliingia akakaa. Akamuuliza, Babu, unaogopa? Hakuna aliyewahi kumuuliza. Akamwambia ndiyo. Wakazungumza mpaka akalala. Nilikuwa jikoni, nilisikia."

Hujawahi kuniambia kwamba ulisikia.

Dk. Treviño akaikunja barua, akasema, "Watu wa Ohio hawakukosea, Rhetta. Mtu anakuja kwao amebeba kifo. Wanataka kujua kama wewe utaweza kukaa naye. Walikuuliza, hukuwaambia." Kisha akaniingiza kwenye chumba chetu cha mazoezi, kile chenye kioo ambacho walio nyuma yake wanakuona na wewe huwaoni. Akawa ananisaili. Kila nikiomba radhi, mtu nyuma ya kioo anagonga kwa kalamu. Nimegongewa sana.

Lakini lile neno lako, "nilisikia," limenikaa. Mbwa habweki. Jogoo hawiki. Burl ananong'ona, Wilma anatafuna maneno, mke wa Burl anaongea na ukuta, na simu ni ya kuulizia mvua tu. Wote wamepungua sauti kwa pamoja, Bibi? Nimembana Colby. Anasema habishi hodi tena, anaingia tu, na wiki jana birika lilipiga filimbi mpaka likakauka na wewe umekaa hapo hapo unashona.

Mimi nafundishwa kusikia mtu asichokisema, na la kwako limenipita majira yote ya baridi.

Narudi nyumbani. Usaili ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nitawaambia nimejitoa.

Rhetta


Bonde la Sturgill
10 Machi 2017

Rhetta,

Colby anaipeleka hii mjini sasa hivi ili iende haraka, na nimemwambia akirudi bila risiti asirudi.

Masikio ni yangu. Niliyafanyisha kazi kwenye kiwanda cha kushona suruali, cherehani kushoto, cherehani kulia, mpaka wewe na kaka yako mkakua, na yamechoka kwa haki. Yakinishinda nitasema. Usiyageuze mlango wa kukimbilia. Juzi ulikuwa unarudi kwa sababu umekosa, leo unarudi kwa sababu ya masikio yangu, kesho utarudi kwa sababu ya goti. Mtu anayetaka kukimbia hakosi kiungo cha bibi yake cha kusingizia.

Mwalimu wako amesema kweli. Mwambie nimesema hivyo, na kwamba aendelee kugonga.

Sasa sikiliza makubaliano. Alhamisi wewe utaongea. Ijumaa Colby atanipeleka mjini Hazard kwa daktari wa masikio. Ukijitoa, siendi, na hutakuwa na la kuniambia, maana tutakuwa sawa, wewe bubu mimi kiziwi.

Bibi


Missouri
25 Machi 2017

Bibi mpendwa, shikamoo.

Natumaini hujambo, na goti, na vyote. Miti ya huku imeanza kuchipua. Huko kwetu najua vitunguu pori vimeshatoka na nyumba nzima inanuka, na navitamani hivyo hivyo.

Barua yako ilinikuta Jumatatu. Alhamisi niliongea.

Walikuwa watu watatu kwenye simu. Waliuliza swali lile lile. Ulimi ulishafika kwenye "mimi si," nikasikia kalamu inagonga kichwani mwangu. Nikainuka. Nikasimama katikati ya jiko langu, simu sikioni. Nikasema, "Naitwa Rhetta Sturgill. Naweza kukaa na mtu anayeogopa kufa bila kumkimbia na bila kumdanganya. Nilianza nikiwa mtoto, kwa babu yangu, na tangu hapo nimefundishwa kulifanya vizuri zaidi." Mwanamume mmoja akasema, "Endelea." Nikaendelea. Nikawaambia juu ya wajane wa tasnifu yangu, juu ya wateja niliowasaidia na mmoja niliyemkosea na nilivyorudi kumwomba tuanze upya. Nilipokata simu nikakuta nimevua sweta, sijui saa ngapi.

Jana majibu yametoka. Nimepata. Ni hospitali moja Nebraska, wodi ya watu wenye magonjwa ya mapafu na familia zao. Naanza Agosti.

Dk. Treviño ameomba abaki na barua yako. Nimemwambia akuulize wewe.

Nebraska ni mbali zaidi ya hapa, Bibi. Kompyuta haiulizi nani yuko peke yake bondeni. Nimefurahi, na kila nikifurahi naliona lile birika. Ijumaa ile ulikwenda? Colby hapokei simu yangu, najua umemkataza.

Rhetta


Bonde la Sturgill
31 Machi 2017

Rhetta, mwanangu,

Marahaba. Mwambie mwalimu wako barua abaki nayo, ila asirekebishe maneno.

Nilikwenda. Daktari ni kijana, ana ndevu kama mbuzi, aliniuliza yalianza lini. Nikamwambia ashughulike na masikio, historia aniachie. Alinipima mara ile, na juzi Jumatano nikarudi akanitia vidude viwili vya kusikilizia, kila upande kimoja. Vinakwaruza. Nikitafuna nasikia taya langu kama farasi anakula karibu.

Habari ndizo hizi. Mbwa anabweka, na Colby anasema hajaacha hata siku moja. Jogoo anaanza kabla hakujapambazuka, kwa hiyo sasa nina sababu ya kweli ya kumchinja. Meno ya Wilma hayana kasoro. Miezi yote hii alikuwa ananisimulia jinsi mkwe wake alivyotoroka na lori la watu, na mimi nikimwitikia, "Mungu ni mwema." Amenisamehe, nadhani. Jana usiku kulikuwa na ibada ya mazishi ya mzee Arlis wa kule juu, na Burl alisimama. Hajapungua kitu. Nilimsikia akiomba radhi yake yote, kila neno, na watu walipomjibu ni mimi niliyeinuka kumshika mkono. Alihubiri mpaka madirisha yakatoka jasho. Tulipotoka nje nikawaambia kwamba mjukuu wangu anakwenda Nebraska, hospitalini, kukaa na watu wenye vifua kama cha babu yake. Nusu yao wana mtu wa kifua hicho nyumbani. Hakuna aliyeuliza kama bado uko shule.

Nebraska ni mbali. Hilo nimeliona kwenye ramani ya Colby, na sitalisema tena.

Agosti utakwenda. Hutakuja kwanza kukaa miezi na mimi kunichungulia kama chungu kilicho jikoni. Utakuja Mei, siku ya kusafisha makaburi, utapalilia kaburi la babu yako na la mama yako, utakula keki ya tufaha nitakayooka, kisha utarudi kumalizia sura yako ya mwisho. Lakini hayo ni ya mbele.

Jumapili hii, tukitoka ibadani, nipigie simu. Nitapokea mwenyewe. Usiniulize kama mvua imenyesha, na usianze na samahani. Taja jina lako, halafu niambie yale uliyowaambia wale watu watatu, kwa sauti yako ya kawaida, mpaka mwisho.

Bibi yako,
Verdie Sturgill